Mama Amesoma Katuni Yangu

Makindu, Jumamosi usiku, 1986

Ati katuni ninazochora ni upuuzi! Kaka yangu Mutua anauliza ni msichana gani huruka fensi ya shule. Si ni mimi? Ndiyo maana nimefukuzwa, na sijui kama watanirudisha.

Niliporudi na maji nikampata Mama ameweka chini kiondo alichokuwa akisuka, anafuata katuni za daftari langu kwa kidole, picha moja baada ya nyingine. Nikajua leo nitachapwa.

"Huyu wa fensi ni wewe," akasema. "Na huyu mama mkali ni mimi."

Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Sasa hawa wawili wakishapatana inakuwaje? Chora, nione."

Mama hajui kusoma hata jina lake. Leo amesoma kitabu kizima, na nimekiandika mimi.