Utepe Kisogoni

Jumatatu, 3 Machi

Baba ameitoa! Ile sarafu yake ya tope, aliyoninyima kuigusa tangu nikivaa sketi za shule. Leo kaichomoa mfukoni mwenyewe, kaniwekea kiganjani. Isafishe, anasema, nataka kuuona mto wangu kabla sijawa kipofu kabisa. Kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Presha ya macho imemmaliza. Daktari wa macho hakuzunguka: la kushoto limeshakwenda, la kulia lipo njiani. Kwa taa kali na lenzi bado anaona kidogo. Kwa hiyo ni sasa au basi.

Hadithi yake nimeikariri. Shaba ya Kirumi, saizi ya kifungo cha shati, imefunikwa udongo mgumu pande zote. Upande mmoja kinaonekana kichwa, na kichwa hicho ni kitupu – hakina taji wala utepe wa kufungia taji kisogoni. Baba anasema kwa sarafu ndogo kama hii, zama za watoto wa Konstantino, kichwa kitupu ni cha mtu mmoja tu: Hanibaliano. Mtoto wa ndugu yake kaisari. Alipewa ufalme wa pembeni, hata hakuufaidi, jamaa zake wakamuua. Sarafu zake ni adimu mno. Na nyuma yake huwa kuna mzee wa ndevu aliyejilaza, ambaye ndiye Mto Frati. Huyo mzee hakuna aliyewahi kumwona kwenye hii ya Baba. Yumo chini ya udongo.

Baba ana hakika yumo.

Alhamisi, 6 Machi

Sarafu iko kwenye kikombe cha maji ya betri, yale safi yasiyo na tindikali. Siki hapana, limau hapana, maana vinachuna ngozi ya shaba na ngozi ikishatoka hairudi. Maji nimebadilisha asubuhi, yametoka rangi ya chai.

Kazini, kwenye maabara ya meno ya bandia, nimemaliza meno ya juu ya mama mmoja, akarudi kulalamika kuwa yanamfanya afanane na wifi yake. Nikayapunguza.

Na Baba naye! Kumbe ameshamwalika Daktari wa Ng'ombe aje Jumapili ya wiki ijayo. Nikamwambia, Baba, kitu chenyewe hakijatoka hata majini. Wapi. Hawa wawili wamekusanya sarafu pamoja tangu ujana, na kila wakibishana mshindi ni yule yule, huyo mtabibu wa ng'ombe mstaafu. Sarafu hii anaiita "donge". Akija lazima aulize, donge halijambo? Halafu acheke mpaka chai imwagike kwenye kisahani.

"Safari hii," kasema Baba, "chai yake ataimaliza kimya."

Jumapili, 9 Machi

Nimempeleka Baba maabara ya meno, kumefungwa, tuko wawili tu. Sindano, hadubini, mkono umeegemea meza. Udongo unatoka punje kwa punje. Nimeanzia usoni: pua, kidevu, jicho kubwa linalotazama juu. Ngozi chini yake ni ya kijani kibichi, safi kabisa. Nilipiga kelele!

Baba kila dakika: umefika wapi? Kwenye sikio, Baba. Na sasa? Bado kwenye sikio, Baba. Yuko kama mtoto aliye safarini.

Njiani alinishika mkono na kunieleza huyo mzee wa mto alivyojiegemeza, mtungi ubavuni, tete limeota kando yake. Ameona picha tu vitabuni. Lakini alieleza kama mtu niliyemkosa kwa dakika tano. Nikafurahi mno kuwa ni mimi ninayemsafishia.

Jumatano, 12 Machi

Utepe.

Nilibaki baada ya kazi kusafisha kisogo. Likatokea fundo dogo, na kutoka kwenye fundo ncha mbili zinaning'inia shingoni. Nikasema ni mkwaruzo. Nikaendelea. Si mkwaruzo. Na juu ya nywele, udongo ulipokuwa umejaa sawasawa na kulainisha kila kitu, kuna majani ya taji yamepangwa vizuri. Hakuwa na kichwa kitupu hata siku moja. Ni matope yaliyomvua taji.

Nikageuza. Sikutaka, ila nikageuza. Nikachokoa pale chini tu, panapotakiwa kuwa na kiuno cha mzee aliyelala. Miguu. Miguu minne, imesimama wima. Askari wawili na bendera katikati yao. Hawa tunao kikombe kizima nyumbani, hakuna sarafu ya zama hizo iliyo ya kawaida kuliko hiyo.

Nilikasirika. Nimeikasirikia shaba, nikamkasirikia Baba, halafu nikalia, peke yangu, mbele ya rafu nzima ya meno yanayocheka.

Nyumbani akauliza umefika wapi. Nikasema bado, Baba.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempigia Kaka. Yeye kila kitu kwake ni rahisi. Kwani wewe si unatengeneza meno ya bandia? Mtengenezee na mto wa bandia, mzee ataona nini na jicho lile? Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu naweza. Nta ninayo, plasta ninayo, tanuru la kuyeyushia ninalo.

Na nimejaribu, niandike ukweli. Wakati wa chakula cha mchana nimechonga nta: mzee, ndevu, mtungi, tete. Katoka mzuri, Mungu wangu! Kalala kama mwenye nyumba. Baba angemtazama chini ya taa na angefurahi.

Lakini Baba huyu ndiye aliyenifundisha kuijua sarafu ya bandia kwa kupitisha kucha ukingoni, kusaka mshono wa kalibu. Nimemtia mzee wangu kwenye maji ya moto. Kaelea kidogo, kisha kawa duara la mafuta.

Kesho nitamwambia Baba. Au keshokutwa asubuhi.

Jumapili, 16 Machi

Niko jikoni. Naandika haraka, trei iko hapa pembeni.

Jana sikumwambia. Leo baada ya chai ya asubuhi nimewasha taa, nimeweka lenzi, maneno yangu yote nimeyapanga. Baba lenzi hakuigusa. Amechukua sarafu na kupitisha kidole gumba kichwani, taratibu, mpaka kisogoni. Pale kikasimama.

"Huu ni utepe."

"Ndiyo, Baba."

Akageuza. Gumba likapanda, likashuka, likapanda.

"Wamesimama."

Akauliza umejua lini. Jumatano, nikasema.

"Tangu Jumatano umekaa na hili peke yako? Pole, mama."

Pole! Mimi ndiye niliyekuja na pole zangu mkononi. Nikashindwa kabisa, nikalia begani kwake kama mtoto, naye akanipiga piga mgongo, sarafu bado ameifumbata. Hodi ikapigwa hapo hapo. Daktari wa Ng'ombe hajawahi kuchelewa.

Nikasema nitamwambia unaumwa, arudi siku nyingine. Baba akavuta shati lake likanyooka. "Mfungulie. Na usiseme neno, hili ni langu."

Nikafungua. Yule mzee hata hajakaa: donge halijambo? Na kicheko nyuma yake. Nikakimbilia huku.

Mlango wa jikoni haufungi vizuri, nasikia. Kiti kimevutwa. Baba amesema, kwa sauti kavu: "Nilikosea. Kichwa kina utepe. Shika uone."

Nimemmiminia mgeni chai, nimeinua trei mara mbili na kuiweka tena. Sasa Daktari wa Ng'ombe anasema kitu, chini chini, sikukipata. Kiti kingine kimevutwa, karibu na cha Baba.

Hajacheka bado.