Tanga Lako Limepunguzwa Mfuko

Murubona,
Kasulu,
Kigoma.
14 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Saady,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Jambiani, kikohozi kimekuacha na ile kucha iliyong'oka imeota. Sisi tu wazima kwa uwezo wa Mungu. Vumbi ni lile lile la Septemba, kila kitu chekundu mpaka kope, na mvua bado inatuchungulia tu. Wewe je, unakula? Kwenye picha ya mwisho nimekuona umekonda kama huo mlingoti wako mpya.

Utashangaa kuandikiwa barua wakati simu ipo. Simu yako naijua. Mazungumzo yakianza kuwa mazito unasema mtandao unasumbua, kisha kweli unakatika. Karatasi haina mtandao, kwa hiyo kaa chini usome mpaka mwisho.

Kwanza habari za baba, maana najua ndizo unazozizunguka kila ukipiga. Presha ya macho imeshalimaliza jicho la kulia. La kushoto bado linampa mwanga, lakini mtu akisimama mlangoni anaona umbo tu, sura haipati mpaka asogelewe karibu kabisa. Daktari alituambia bila kuficha kwamba dawa inachelewesha, hairudishi, na hakuna anayejua jicho hilo litamfikisha wapi. Cherehani yake hajaikalia tangu Ramadhani. Duka tunaliendesha mimi na Esteri, yule binti wa mzee Ntirampeba ambaye baba alimfundisha kazi. Siku hizi kwenye kola ananishinda, na hanifichi kwamba anajua.

Sasa tuje kwenye tanga la ubao wako wa kuteleza baharini. Tamimu, jirani yetu wa sokoni, alilichukua Dar alipokwenda kununua vitambaa, akanikabidhi mkononi. Maelezo yako ya sauti kwenye simu niliyasikiliza mara mbili ndipo nikaelewa. Kwamba umeachana na mlingoti mnene, umepata mwembamba unaopinda vizuri upepo ukikaza. Kwamba ule mfuko mrefu wa mbele unamopita mlingoti sasa umekuwa mpana mno, ukianguka unajaa maji na tanga linakuwa zito kuliinua. Kwamba pale fito ya kushikia inapofungwa kwenye mlingoti umezungushia mpira wa ndani wa baiskeli ili pabane. Hapo nilicheka, kwa sababu huo ni ufundi wa Kasulu mtupu, hao wageni unaowafundisha hawajui umeutoa wapi.

Neno lako la mwisho ndilo lililonikwama. Ulisema niupunguze mfuko kimyakimya, baba asijue, kwa sababu ni kazi ya mikono yake na ataumia kusikia inafumuliwa.

Nililitandaza uani, upepo ukaliinua, na miaka yote ikanirudia. Unakumbuka tulivyokuwa tukishika ncha za maturubai ya malori ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nduta, baba akipita katikati na sindano yake ndefu? Na ile siku ya Agosti ulipokataa kuachia turubai likanyanyuka nawe mpaka kwenye maharage ya jirani? Mama alikuja mbio na mwiko mkononi. Wewe ulikuwa umelala chali unacheka, na ukaomba urudie. Nawaambia watu kwamba kazi yako ya kuteleza majini na tanga haikuanzia Unguja, ilianzia kwenye yale maharage. Uani sasa pako kimya sana, Saady. Namkosa mama, nakukosa na wewe.

Na tanga hili lenyewe unakumbuka lilivyoanza. Mgeni wako alilitupa likiwa limechanika, ukalituma nyumbani pamoja na kamba yenye mafundo kuonyesha unene wa mlingoti kuanzia chini mpaka juu. Baba hakuwahi kuona ubao wenye tanga maishani mwake. Aliipima ile kamba, akaguna, akaujenga mfuko upya kwa uzi wa maturubai na mshono wa kurudia. Baada ya hapo soko zima lilijua kwamba kitambaa cha baba, fundi Hashimu, kinatembea juu ya bahari. Mpaka kwenye gulio la Nyakitonto alikwenda kulisema hilo.

Kwa hiyo nilikuwa na mkasi mkononi na sikuweza kukata. Si huruma peke yake. Wewe unajua desturi ya mafundi wa hapa: mshono wa fundi mwingine haukatwi uzi mpaka mwenyewe apelekewe habari. Umesahau safari ya Murungu? Bwana harusi alileta suti ipunguzwe, ilikuwa imeshonwa na fundi Leonidasi, ambaye sasa ni marehemu, na baba akapanda gari nasi mpaka Kibondo, tukaunga kwa miguu, ili tu amwambie mwenzake uso kwa uso kwamba kesho ataifumua. Leonidasi alicheka, akatukaribisha viazi vitamu na asali. Wewe ulilala mgongoni mwa baba njia nzima ya kurudi. Mtu aliyefanya vile kwa suti ya mtu baki, mimi nimwibie mshono wake mwenyewe?

Hata hivyo niliogopa. Nilimwambia ni turubai la mteja, nikalikunja, nikaliweka juu ya kabati na kwenda sokoni. Niliporudi nilimkuta barazani, tanga lote liko mapajani, vidole vyake vimesimama mwisho wa mshono. Unalijua lile fundo lake la kumalizia, analigeuzia ndani ili lisimkwaruze mtu. Alilipata.

Sikumdanganya tena. Akauliza kama limechanika, nikamwambia hapana, halikuachia hata uzi mmoja, ila Saady amebadili mlingoti. Akataka kujua umekuwa mwembamba kiasi gani. Nikamletea mchi wa kinu ashike, nikamwambia ule wa zamani ulikuwa hivi. Nikampa na mpini wa jembe, nikamwambia mpya ni hivi. Akavipima, mmoja huku mwingine huku, akatikisa kichwa na kusema kwamba kwa mpini kama huo na mfuko ule, umekuwa ukiteseka bure na ungesema mapema. Wewe ulidhani ataumia. Aliumia kidogo, ndiyo, lakini kwa kufichwa.

Akaomba mkasi mdogo. Nilitaka kumsaidia, akanikatalia. Amelifumua mwenyewe, Saady, asubuhi baada ya asubuhi pale barazani, kwa vidole tu. Haangalii chini. Anausikiliza mshono kwa kidole gumba, anakata, anasogea. Esteri kila akipita anasimama, anasema, "Yoo, mzee," kisha anarudi kwenye mashine yake akipangusa macho na kusingizia vumbi. Sijamwona baba na furaha ile tangu msiba wa mama.

Kushona ikawa zamu yangu. Nikaufanya mfuko wote uwe wa mpini wa jembe, chini mpaka juu, nikajisifu. Baba akapitisha mkono ndani, akaniuliza kama huko Jambiani milingoti imeacha kuchongoka kwenda juu. Ile kamba yako ya mafundo bado ilikuwa kichwani mwake. Nikafumua na kuanza upya, yeye akikaa mbele ya mashine na kunishikia kitambaa kiende sawa, kama sisi tulivyokuwa tukimshikia. Matundu ya sindano ya zamani tumeyafunika kwa utepe kwa ndani, maji hayapiti.

Tulipomaliza nililifunga nimpelekee Tamimu, ambaye anasafiri kesho. Baba akaweka mkono juu ya furushi.

"Hilo haliendi na Tamimu," akasema. "Mwambie alifuate mwenyewe."

Nikamwambia una kazi, wageni ni wengi, na kila Ijumaa unampigia na mnaongea.

"Sauti yake ninayo, Zuhra. Uso wake ndio sina. Na jicho hili haliningojei."

Ndiyo maana nakuandikia. Hujafika nyumbani tangu tulipomzika mama. Sikulaumu, najua msimu wa huko ukikolea hupewi ruhusa, na ukipoa hakuna kazi. Lakini sitakuficha: ukisubiri nafasi nzuri, utakuja utakuta tanga lipo na baba yupo, na hatakuona. Nakuomba kama dada yako. Panda basi mwezi huu.

Shangazi Zuleha anakusalimu na ameniagiza nikuulize utaoa lini. Shemeji yako Gharibu anakusalimu. Amekuwekea asali ya Kibondo na ananizuia nisiiguse. Esteri naye anakusalimu. Mungu akulinde na upepo unaoutafuta kila siku, akufungulie njia na akufikishe salama.

Salamu za baba sikuletei. Amenikataza kuziandika, anasema atakupa mwenyewe, ukiwa umekaa karibu naye.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,

Zuhra