Nitazame Mimi

4 Mei

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, mafua yameisha, kimebaki kikohozi cha asubuhi tu. Goti lako linaendeleaje? Na masikio, ulirudi kwa daktari au bado unasema siku hizi hakuna cha maana cha kusikia?

Nina habari, usicheke. Jumamosi ya tarehe 31 naingia uwanjani kuendesha gari kwa kasi. Si mashindano. Chama cha wapenda magari kinakodi ule uwanja wa zamani wa ndege, kinapanga koni, na kila dereva anapewa zamu ya kuzunguka kadiri gari na akili yake vinavyoruhusu. Miaka yote hii nimekaa kiti cha abiria nikifundisha watu mwendo wa konokono, mguu juu ya breki ya mwalimu. Nataka kujua gari linafanya nini likiachiwa.

Kila Jumamosi nafundishwa na mzee mmoja aliyekuwa dereva wa mbio. Wanamwita Bundi, kwa jinsi anavyogeuza shingo yote kabla ya kona. Kanifundisha kukaa: mgongo wote kwenye kiti, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila bega kunyanyuka. Kanifundisha kukanyaga breki kwa nguvu gari likiwa limenyooka, kisha kuiachia taratibu ninapoingia kona. Hayo nimeyapata. Kinachonishinda ni macho. Anasema gari hufuata macho. Ukitazama pa kutokea, unatokea. Mimi natazama cha kugongwa. Ndiyo kazi yangu, Baba: mtoto, mbuzi, mwendesha baiskeli, nawaona wote kabla mwanafunzi hajawaona. Bundi anasema hayo macho yatanitia matatani.

Nisalimie jirani yako fundi cherehani.

Binti yako


11 Mei

Mwanangu,

Marahaba, mama. Goti linauma baridi ikiingia, na unajua nani wa kulaumiwa. Masikio yamefunga duka kabisa. Fundi cherehani anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inamtoka, mimi naona mdomo tu unacheza. Daktari anasema ni mashine za karakana, kukata mabati miaka yote ile. Kwa hiyo usinipigie simu, utaongea na ukuta. Andika.

Umenikataza kucheka, lakini nimecheka. Wenzako wakimwona bundi wanakimbia, wewe unamlipa akufundishe!

Hiyo habari ya macho niliijua kabla yake. Unaikumbuka baiskeli? Ulikuwa unautazama mtaro, unaingia mtaroni. Nikaenda kusimama mwisho wa uchochoro na jaketi langu la njano la kazini, nikakupigia kelele: "Usitazame chini! Nitazame mimi, njoo!" Ukanyooka kama uzi. Ukaja mpaka ukanipanda. Goti ndilo hilo. Lakini hukuanguka wewe, nilianguka mimi.

Tangu hapo sijakosa siku yako hata moja. Mbio za shule, mtihani wa leseni, nilisimama na jaketi lile ujue kuna mtu wako. Hebu niambie, kona inayokusumbua ni ipi?

Baba yako


18 Mei

Baba,

Shikamoo. Pole na masikio. Huku sote wazima, ila mwanafunzi mmoja ameng'oa kioo cha pembeni cha gari la shule kwenye nguzo ya taa, akaniuliza kwa nini nguzo imewekwa pale.

Kona ni ya mwisho, upande wa geti la kuingilia. Unaifikia ukiwa na kasi kuliko mahali popote, unakata kushoto, na kwa nje wamepanga matairi chakavu yanayomfika mtu kifuani. Tunaiita kona ya matairi.

Jana Bundi aliweka pipa tupu la plastiki mbele ya matairi hayo. Nililigonga. Akalirudisha, nikaligonga tena. Akasema, "Unaliogopa, ndiyo maana unalitazama." Akaliondoa, akaweka mkoba wangu. "Huu je, unauogopa?" Nikaukanyaga, na chakula changu cha mchana kikiwa ndani. Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Alisema haijalishi unakiogopa au unakipenda. Macho yakikishika, mikono inakifuata. Pakiwa patupu napita safi, kila mara.

Wewe usihangaike kuja. Safari ni ndefu na goti lako halipatani na kiti cha basi. Nitakuletea picha.

Binti yako


23 Mei

Mwanangu mama,

Marahaba. Pole na mkoba, na zaidi na chakula. Mimi sijambo, nakula, nalala.

Zamu yako ni asubuhi au mchana? Gari ni lile lile jeupe? Na mlinzi wa geti, bado ni yule mrefu mwenye pengo? Tulikata mabati pamoja kabla hajaenda kulinda. Kama ni yeye, msalimie.

Nauliza tu. Mzee asiye na kazi atafanya nini zaidi ya kuuliza?

Jaketi nimelifua. Bado linang'aa.

Baba yako


27 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumai u mzima. Barua yako nimeipata mchana huu, na sitazunguka. Unapanga kuja. Usije.

Sababu si safari wala goti. Jumamosi iliyopita nilipita ile kona vizuri asubuhi nzima, basi Bundi akataka kuona kama nimepona kweli. Akasimama mwenyewe mbele ya matairi. Nilijiambia simtazami. Nikamwona kwa pembe ya jicho, nikageuka kuhakikisha kama amesogea, kama ninavyofanya kwa kila mtu aliye kando ya barabara, na gari likanyooka kwake. Aliruka matairi. Niliposimama, kofia yake ilikuwa chini ya bampa. Aliruka kwa sababu alisikia tairi zikilia, Baba. Wewe hutazisikia.

Na huyo ni mtu niliyemjua juzi juzi tu. Wewe na jaketi hilo nitawaona toka mwisho wa uwanja.

Watazamaji watawekwa nyuma ya jengo la zamani, mbali na njia. Rafiki yako mlinzi yuko likizo. Aliyeko zamu ni mwingine, nimemwonya asimruhusu mtu yeyote kwenda kwenye kona. Kama ni lazima uje, kaa na wenzako nyuma ya jengo na uvae shati la kijivu. Lakini ubaki nyumbani, nakuomba.

Nimempigia fundi cherehani tena na tena akuonyeshe ujumbe, simu yake imezimwa. Posta wanasema barua itakufikia Ijumaa. Ukiipata, mwombe mtu anitumie ujumbe, neno moja tu: nabaki. Ukikaa kimya, nitachukulia kwamba umekubali.

Binti yako


31 Mei, asubuhi
Chumba cha mlinzi, getini

Mwanangu mama,

Natumai umelala vizuri na umekula kitu. Mimi nimelala kama gogo. Hii utaisoma baada ya zamu yako, namwachia mlinzi.

Najua ulisema nisihangaike. Ulisema hivyo hivyo siku ya mtihani wa leseni, na ulifaulu. Niliondoka nyumbani Alhamisi, nikafikia kwa rafiki yangu huyu mlinzi, yule mwenye pengo. Kama umeniandikia wiki hii, barua nitaikuta nikirudi. Alikuwa likizo, akaikatisha kwa ajili yangu. Alfajiri amempokea zamu mwenzake, na huyo mwenzake akaenda zake kulala. Walikuwa wananong'onezana jambo hapo mlangoni. Nilipouliza, rafiki yangu akanipigapiga begani na kucheka.

Watazamaji wamerundikwa nyuma ya lile jengo, hata hawaoni kitu. Mimi nimepewa kona yenyewe, na kiti. Sitakaa, goti likikunjwa halikunjuki. Nitasimama mbele ya matairi, maana nimejaribu nyuma yake na jaketi lote linafichika.

Nimewaza sana kuhusu lile pipa na ule mkoba. Bundi anajua magari, lakini hakujui wewe. Yeye aliweka vitu. Wewe hujawahi kuyumba ukiwa na mtu wa kumtazama.

Humu ndani mna meza, birika, ubao wa funguo na dirisha. Nadhani mmeanza kuwasha, kwa sababu kioo kinatetemeka na chai inafanya miduara kikombeni. Naliona gari jeupe, la tatu kwenye foleni. Sasa limekuwa la pili. Mlinzi ananipungia mkono niharakishe.

Natoka. Ukifika kwenye kona usiyatazame matairi. Nitazame mimi, njoo.

Baba yako