Mawe ya Joëlle ndani ya mashine ya kutetemesha

Jumapili mchana, mwezi wa sita. Baridi na upepo.

Upepo umeamka kabla yetu leo. Umetembeza vumbi jekundu la mtaa wetu wa Katuba kutoka kiwanja hadi kiwanja, umepiga mabati, umeingia hadi chini ya mlango. Watu wa nje hawaamini tukiwaambia kwamba huku Lubumbashi tunavaa makoti. Mimi nimevaa koti na soksi mbili mbili, na bado vidole vinakosea herufi kwenye simu.

Siipendi baridi. Zamani sikuipenda kwa sababu ya Joëlle. Sasa siipendi kwa sababu Joëlle hayupo, nayo imerudi tu kana kwamba haina habari.

Sijaandika hapa tangu tulipomzika. Wachache mnaonisoma mlizoea hadithi za safari: mimi ni dereva wa timu inayochimba visima vya maji, na nilikuwa nawaandikia matope ya njia ya Mitwaba, vivuko, na malori yaliyolala ubavu. Leo sina safari ya kuwaandikia. Nina mashine.

Joëlle alikuwa mtoto wetu wa pekee. Alizaliwa na ugonjwa wa damu, ule ambao huku kwetu kila mtu anauita SS. Mwenye mtoto wa namna hiyo hahitaji maelezo. Wengine niwaambie hivi: baridi ikishuka, damu inakwama ndani ya mishipa, na mifupa inauma hadi mtoto anaomba mumkate mguu. Alisema hivyo kweli, akiwa mdogo bado.

Mama yake, Odette, alikuwa anapanga mawe ya mviringo kando ya mbabula, jiko letu la makaa. Yakishika joto la kiasi anayafunga ndani ya kitambaa na kumwekea magotini. Mimi ndiye niliyekuwa naleta mawe hayo. Mwanzoni nilichagua yale tu yanayotunza joto. Halafu Joëlle akaanza kuuliza kila moja limetoka wapi.

Basi nikawa naleta jiwe kila tulikochimba. Jekundu lenye mistari myeupe kutoka njia ya Kasenga. La kioo kutoka Mitwaba. Jeusi kabisa kutoka karibu na Manono. Yeye hakuweza kusafiri. Barabara zetu zinavunja hata watu wazima. Alikuwa anafumba macho, anashika jiwe mkononi, na kuniambia nimsimulie kulikuwa vipi. Nilimsimulia. Mahali pabaya nilipapamba kidogo.

Siku moja aliona kwenye simu ya jirani mashine inayotetemesha mawe mpaka yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Alikuja mbio, yeye ambaye kukimbia kulimgharimu.

"Papa, hata majiwe yetu inaweza kuangaza vile?"

Nikamwambia inaweza. Sikujua kama ni kweli.

Ndoo ya mawe ilibaki nyuma ya mlango wa jikoni baada ya matanga. Wageni walipokwisha, Odette aliniambia, "Toa ile ndoo." Nikaitoa, nikaipeleka kwenye kibanda cha vyombo. Hatukugombana kwa ajili yake. Hatukugombana kwa ajili ya kitu chochote, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Tulikuwa tunakula kimya, tunalala kimya, kila mmoja amegeukia ukuta wake.

Kuna jambo lingine ambalo halina dawa. Huku kwetu mzazi anaitwa kwa mtoto wake. Mimi nilikuwa Papa Joëlle, yeye Mama Joëlle, kwa majirani, parokiani, sokoni, hata sisi wenyewe kwa wenyewe. Sasa watu wanaanza kutuita, halafu wanameza neno katikati. Mwanamke mmoja anayeuza unga hapa nyuma alimwita "Mama Jo...", akaziba mdomo. Odette alilipa akaondoka bila kuchukua unga.

Mimi na yeye hatuitani kitu tena. Tunasema tu "we".

Mashine niliipata mtaa wa Hewa Bora. Nilikuwa nimepeleka mabomba, na nje ya nyumba moja mzee alikuwa anauza vyombo vya karakana yake. Anaitwa Papa Gaston. Maisha yake yote alitengeneza bangili na sahani za shaba, sasa macho yamemwacha. Kati ya nyundo na koleo kulikuwa na bakuli kubwa la plastiki nzito, limekaa juu ya springi, na mota chini yake. Alikuwa anatia bangili humo ili zing'ae.

Nikamwuliza kama inaweza kung'arisha mawe.

"Majiwe? Iko muzuri sana kwa majiwe," akasema. "Lakini sikia, mwana. Iyi mashini haipendake kuachwa nusu. Ujaze vizuri. Ukitia majiwe kidogo, itapigana yenyewe kwa yenyewe, itavunjika. Na mayi, usitie mingi. Ilowane tu."

Kisha akaishika kwa mikono yote miwili, kama mtu anavyoshika kichwa cha mtoto anayesafiri, akanipa.

Nyumbani Odette alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Akaitazama mashine mikononi mwangu.

"Ni nini?"

"Mashini ya kusugua majiwe."

Akarudi kwenye majani yake. Nilitamani aseme chochote, hata kwamba mimi ni mpumbavu.

Niseme ukweli, nilianza vibaya. Maneno ya Papa Gaston niliyasikia lakini sikuyashika. Niliosha bakuli, kwa maana lilikuwa bado na uchafu wa shaba, nikatia mawe machache tu ya kujaribia, yale yasiyo na hadithi, pamoja na unga mkavu wa kusagia, ule mweusi unaokwaruza kama mchanga. Nikawasha. Lo! Mawe yaliruka kama mahindi ya kukaanga. Mashine yenyewe ikaanza kutembea sakafuni, inanguruma, ikaenda kugonga ukuta wa kibanda. Nilipoizima, pembe za mawe zilikuwa zimemeguka zote.

Springi moja ilikuwa imechoka. Nikakata kipande cha tairi kuukuu, nikaikalisha mashine juu yake, ikatulia. Nikajifunza kupima maji kwa kofia ya chupa. Nikajifunza kwamba unga ukiwa mkavu hausagi kitu, na maji yakizidi unazama chini na kuyaacha mawe yakizunguka bure.

Halafu nikaleta ndoo.

Niliyatia moja moja. Kila moja nililishika kwanza, na najua mtacheka, nililiambia limetoka wapi. La Kasenga. La Manono. La kioo. Yalipokwisha, bakuli lilikuwa bado linataka kidogo lijae.

Lilibaki jiwe moja tu, nalo halikuwa kwenye ndoo. Lilikuwa mfukoni mwangu.

Hilo ni jiwe la kijani, malakiti, refu kama kidole cha mtoto, na duara nyeusi nyeusi kama maji yaliyotupiwa kitu. Alinipa Joëlle mwenyewe, nilipotoka safari, wiki za mwisho za maisha yake. "Papa, hii nilijipatia mwenyewe," akasema. Nikamwuliza wapi. Akacheka tu, akajifunika shuka usoni. Ni jiwe pekee ambalo yeye ndiye aliyenipa mimi. Tangu siku ya mazishi lilikuwa linahama shati hadi shati pamoja nami.

Nilifikiri: lake likae pamoja na yangu. Lisibaki peke yake nje. Nikalitia katikati, nikafunika.

Mashine ikaanza kuimba. Ukiwa karibu ni kelele ya lori linalopanda kilima. Ukiwa ndani ya nyumba ni mvumo tu, kama nyuki. Nilikuwa nimesahau jinsi nyumba yenye sauti ilivyo. Odette alifunga mlango wa chumba. Sikuizima.

Umeme ulikuwa unakuja na kwenda, kama kawaida yetu. Ukikatika, tope la mawe linaganda kama saruji, na mashine haiwezi kuanza tena mpaka mtu akoroge kwa mkono. Nilipotumwa Kasumbalesa na timu nilijua kwamba nitakuta jiwe moja kubwa ndani ya bakuli. Niliporudi, nilisikia mvumo tangu kwenye geti.

Odette alikuwa anafua. Hakuinua kichwa.

"Ilisimama," akasema. "Nilikoroga kidogo, nikaiwasha."

Basi. Lakini niliona kwamba chini ya kucha zake kulikuwa na tope la kijivu, nikaingia ndani haraka ili asiuone uso wangu.

Leo tumetoka misa ya asubuhi, nikavua koti la kanisani, nikasema sasa nifungue, niyaoshe, nianze unga mwembamba wa hatua ya pili. Nikainamisha bakuli juu ya beseni.

Maji yalitoka ya kijani.

Kwa kitambo kidogo niliyaona mazuri. Kijani kile cha majani mapya baada ya mvua. Nikatabasamu peke yangu kama mjinga. Halafu nikaelewa.

Nani katika mji huu hajui kwamba malakiti ni laini? Kila anayezaliwa hapa amewaona mafundi wakiikata kwa msumeno wa mkono, wakitengeneza mamba na mikufu ya kuuzia wageni. Mimi nimeipakia, nimeiuza, nimeikanyaga. Nilijua. Na bado nikaichukua nikaitupa kati ya mawe magumu yaisage, siku na usiku, huku nikisema yakae pamoja.

Nikapangua mawe kwa vidole. La Kasenga lipo, limekuwa laini kama sabuni. La kioo lipo. Jeusi lipo. Yote yangu yapo. Lake nilipata kipande chembamba kama mbegu ya boga, na nilipokisugua kuondoa tope, kilivunjika vipande viwili.

Sijui nilitoa sauti gani. Najua tu kwamba Odette alitoka jikoni anakimbia, mikono ina unga wa bukari, ugali wetu, akidhani nimejikata.

Nikamwonyesha kiganja.

"Ni ile ya kijani," nikasema. "Ile Joëlle alinipatiaka. Nimeimaliza. Ni miye."

Nilingoja anipigie kelele. Ingekuwa haki yake. Aliyatazama yale maji kwenye beseni, akakaa chini palepale kwenye vumbi, na kitenge chake cha Jumapili.

"Ile jiwe," akasema, "haikuwa ya kuokota. Ni miye nilinunuaka."

Sikuelewa.

"Wakati ule we ulikuwa Pweto. Tulitoka hospitali, nikamubeba mugongoni, mukubwa vile, juu ya maumivu hakuweza kutembea. Pa barabara kulikuwa fundi moja anauzisha malakiti. Joëlle akaniambia, Mama, unishushe. Akachagua. Akachagua sana, mupaka fundi akachoka. Akasema, Papa ndiye analetaka kila siku. Na miye nataka kumuletea yangu. Usimwambie ulinunua. Afikiri niliipata mwenyewe."

Akapangusa pua kwa mkono, unga ukabaki shavuni.

"Akaniapisha. Na akakufwa. We ulikuwa na majiwe yako yote, na mahadisi yake yote. Miye nilikuwa na iyi tu. Kitu moja yangu na yeye, we hauijue. Nikasema nikikwambia, sitabakia na kitu."

Nikasema, "Ungeweza kuichunga, Odette. Ungeweza kutoniambia."

"Nimechoka kuichunga peke yangu," akajibu.

Kumbe mwaka mzima nilidhani anayachukia mawe. Nilidhani yanamkumbusha vilio vya magoti, na labda ni kweli pia. Sikujua kwamba kila nilipolitoa lile jiwe mfukoni na kulisugua kwa kidole gumba mezani, mbele yake, nilikuwa nachezea siri yake na mtoto wake. Naye akitazama, akinyamaza, akinigawia bukari.

Tulikaa pale. Upepo ulikuwa unatupiga na hatukusogea. Kisha akavuta beseni, akaanza kuyaosha mawe mengine, moja baada ya jingine, kwa yale maji ya kijani, taratibu, kama mtu anayeosha masikio ya mtoto. Alipofika la Manono akaniuliza, "Iyi, alisema inatoka wapi?" Nikaanza kumwambia. Kufika katikati ya maneno, uso wake ukavunjika, akaacha jiwe lianguke, akainuka akaingia chumbani.

Yupo huko sasa. Analia. Hakulia hivi hata makaburini. Pale alisimama kama mti, na mashangazi wakasemasema. Leo analia kwa sauti, majirani wote wanasikia, na redio ya upande wa pili imezimwa.

Mimi nimekaa nje, mgongo ukutani, mikono imekaukiwa na tope, naandika haya kwa simu. Nimejiambia naandika ili nisisahau alivyosema. Kuna ukweli hapo. Kuna woga pia. Mwaka mzima tumeomboleza kila mtu chumbani kwake ndani ya chumba kimoja, na sijui mtu anaingiaje kwa mwenzake baada ya muda huo. Anabisha? Anasema nini? Anamwita nani?

Ananiita. Sikudhani ningelisikia tena jina lile kinywani mwake.

Mlango hauna hata kufuli. Ninangoja nini?