Mistari Minne

Mzee Barasa,

Nimekukosea, na huwezi hata kunigombeza. Nakuandikia hapa nyumbani, mtaa wa Tena, karatasi juu ya goti.

Jumatatu iliyopita, baada ya kukuzika kwenu Bungoma, niliingia karakana yetu ya mtaa wa Burma nikafungua ile pima maji yako, kipimo chenye kiputo cha kuonyesha kama mashine imelala sawa. Uliifunga kwa shuka ya utotoni ya binti yako Nekesa, hukutaka mtu aiguse kwa kiganja. "Kamau, mkono wako una joto, kiputo kitakudanganya!" Ikaniponyoka, mzee. Ikagonga sakafu.

Sikumwambia mtu. Niliiweka juu ya lethi, ile mashine kubwa ya kuchonga vyuma uliyoipanga mwenyewe. Kiputo kikaenda mistari miwili upande wa dirisha. Nikaigeuza, mbele nyuma, kikaenda miwili upande wa mlango. Tofauti ni minne. Nikashika bisibisi nikazungusha skrubu yake ya kurekebishia, nikaondoa yote minne. Yote! Na umenifundisha miaka mingapi kwamba unaondoa nusu tu, maana kuigeuza huhesabu kosa mara mbili? Nilikuwa nalia, sikuona vizuri, lakini hiyo si sababu. Sikuigeuza tena kuhakikisha.

Nyapara akaichukua, naye hakuigeuza, akapima mashine zako zote. Zote zikaonekana zimeinama. Jana Mama Nekesa alikuja kuchukua ovaroli yako, na nyapara akamwambia mbele ya watu, "Mumeo alikuwa anakisia tu. Ametupangia mashine kombo miaka yote hii." Mama wa watu! Aliikunja ovaroli, akaikunja tena, akatoka akashika njia ya Muthurwa kwa miguu. Na mimi nimesimama pale, kimya! Mungu wangu, mzee, ni mimi niliyekuharibia jina, na udongo wako haujakauka.

Jumatatu hii inayokuja wanailegeza lethi yako waipange upya.

Leo mchana wenzangu walipotoka nilibaki. Niliiweka pima maji, nikangoja kama ulivyokuwa ukingoja, bila kupumua juu yake. Nikaigeuza. Minne tena. Safari hii nikarudisha miwili tu. Kiputo kikakaa katikati. Nikageuza, katikati. Nikageuza tena, katikati! Lethi yako iko sawa, mzee. Haijawahi kuinama. Nikalia juu ya chuma, halafu nikapangusa haraka, maana ungenipigia kelele kuhusu kutu.

Sasa sikiliza. Jumatatu, kabla hawajagusa nati hata moja, nitawaita wote, nyapara akiwepo, niseme ni nani aliyeiangusha pima maji na ni nani aliyeiharibu. Wakitaka kunifukuza, wanifukuze. Nimepita kwa Mama Nekesa jioni hii nikamwomba aje. Hajui ni kwa nini, ila amekubali.

Nitampa ile shuka aishikie pima maji, na ni yeye atakayeigeuza.

Pumzika, mzee wangu. Nitangoja kiputo kitulie ndipo nifungue mdomo.

Kamau wako, yule wa haraka