Neno la Tabitha

Cedar Run, Ohio
Siku ya 3, Mwezi wa Pili, 1854

Ndugu yangu Lucius,

Habari za mjini? Mguu wako unaendeleaje? Mimi kifua bado kinabana, lakini nakamua ng'ombe mwenyewe.

Utaniwia radhi sikuiti Mheshimiwa. Sisi wa dhehebu la Marafiki hatumwiti mtu hivyo, na wewe nilikuogesha kwa mikono yangu.

Jana wamemkamata Keziah. Alikuwa sokoni akiuza siagi yetu, wakamfunga kamba kama ndama. Anayedai ni mtumwa wake ni Pruitt mmoja wa Kentucky, ng'ambo ya mto ambako utumwa ungali halali, na kesi iko mbele yako. Nilipolisikia jina lako nilicheka kwa furaha, Lucius. Nikasema, afadhali! Jaji ni yule yule aliyeuguzwa na Keziah wiki sita, homa ilipomwangusha akisomea sheria jikoni kwangu. Jaji ni yule yule aliyenguruma bungeni kwamba mwindaji wa watu hatakanyaga Ohio.

Phebe, binti yake, ana miaka tisa na hajala tangu jana. Anauliza kama mama atarudi na mkate wa tangawizi. Nimemwambia mjomba Lucius atamleta.

Mlete.

Dada yako,
Tabitha


10 Februari 1854

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi za heshima. Kifua kipe asali na siki. Mguu wangu ni ule ule, naukalisha kwenye kigoda hata kortini.

Nimemwona Keziah. Amekonda. Sheria haimruhusu kufungua mdomo kujitetea, na sheria hiyo sikuitunga mimi. Lakini usilie bado. Karatasi za Pruitt ni ovyo kabisa. Zinamtaja mwanamke aitwaye Sukey, hazina alama yoyote ya kumtambulisha, na shahidi wake alikuja amelewa hata akamnyooshea kidole mke wa mlinzi wa jela: "Ndiye huyu!" Korti nzima iliangua kicheko.

Ili nijue pa kushika, niandikie yote. Alitoka wapi, lini, kwa njia gani, ana alama gani mwilini. Usinifiche kitu. Unamwandikia mdogo wako, huiandikii korti.

Mdogo wako,
Lucius


Siku ya 14, Mwezi wa Pili, 1854

Ndugu yangu Lucius,

Asali imesaidia, asante. Pamoja na barua hii pokea soksi kutoka kwa Phebe. Moja imetoka ndefu kuliko mwenzake. Cheka ukipenda, lakini zivae. Mama yake ndiye anayemfundisha kufuma, na somo halijaisha.

Umeuliza, nakujibu. Alikuja majira ya baridi, mwaka 1844, akavuka mto juu ya barafu, nyayo zimepasuka. Alikuwa akiitwa Sukey. Jina la Keziah alilichagua mezani petu, kutoka kwenye Biblia. Ndiyo, alitoka kwa Pruitt. Chini ya titi la kushoto ana kovu la pasi. Mke wa Pruitt alimchoma kwa sababu aliunguza kola. Phebe alikuwa tumboni.

Nimeandika kweli kwa sababu sijui kuandika kitu kingine. Mkono ulisita mara moja. Nikauambia, ni Lucius.

Dada yako,
Tabitha


2 Machi 1854

Dada yangu mpendwa,

Natumai u mzima wa afya. Kabla majirani hawajakujaza maneno, nisikilize mimi.

Barua yako niliiweka mezani. Ningefanyaje? Jaji aliye na ushahidi mfukoni akaunyamazia ni mwizi. Wakili wa Keziah aliruka: "Mwandishi aje hapa ale kiapo!" Nikamwambia mwandishi ni wa Marafiki, na mto wote huu, kingo zote mbili, unajua kwamba neno la Rafiki halihitaji kiapo. Yule bwana akakaa chini. Hakuna aliyebisha, Tabitha. Hata mmoja! Ungekuwapo ungejivuna. Mke wa mlinzi wa jela alilithibitisha kovu, na kwa dakika ishirini kila kitu kilikwisha.

Mlinifukuza kwenye mkutano wenu kwa sababu niliapa kuilinda sheria. Basi nimeilinda. Ulitaka niapishwe bure?

Alipokuwa akitolewa kukabidhiwa Pruitt, Keziah alitazama soksi ya mguu wangu kwenye kigoda akasema, "Hiyo ni kazi ya Phebe. Anasahau kuhesabu mishono." Basi. Si neno la kesi hata kidogo. Sijui kwa nini nakuandikia.

Mdogo wako,
Lucius


19 Juni 1854

Dada yangu,

Barua zangu tatu hujazijibu. Kama ni kifua, sema, nimlete daktari. Kama ni kiburi, kimetosha.

Nimepandishwa mahakama ya juu. Hotuba zangu za zamani zilinipa watu wa upande huu wa mto, na hukumu ya Keziah imenipa wa upande ule. Ungekuja siku ya kuapishwa ningefurahi.

Jambo moja limebaki. Pruitt anamdai mtoto. Umeandika mwenyewe kwamba alikuwa tumboni mama yake alipovuka, kwa hiyo ni wake. Usiniambie namtenga na mama. Keziah ameshauzwa Mississippi, na hilo ni la Pruitt, si langu.

Niandikie Phebe yuko wapi. Kweli tupu, kama kawaida yako. Sipendi kutuma askari kwenye nyumba niliyolelewa.

Mdogo wako,
Lucius


Detroit, Michigan
11 Julai 1854

Mheshimiwa Jaji,

Afya yako sikuulizi.

Phebe alikufa kwa homa tarehe 2 Aprili. Amezikwa nyuma ya nyumba ya mkutano, bila jiwe, kama tunavyozika sisi, kwa hiyo askari wako hatapata jina la kusoma. Nimekwenda kwa mthibitishaji wa viapo, nikaweka mkono juu ya Biblia, nikaapa kwamba ndivyo. Hati yake hii hapa, ina muhuri. Mpe Pruitt.

Ni kiapo changu cha kwanza. Marafiki watanifukuza, nami nitasimama nitoke kabla hawajamaliza kusema, kama ulivyotoka wewe.

Nimekuja huku kwa ajili ya kifua. Upepo wa mto huu ni mzuri, na Kanada, ambako sheria yako haifiki, iko karibu hivi kwamba nguo zilizoanikwa ng'ambo naziona kutoka dirishani. Asubuhi hii kuna soksi mbili kwenye kamba. Moja ni ndefu kuliko mwenzake.

Barua hii nayo isome kortini.

Tabitha Wetherell