Mgomba Tuliouzika Badala ya Mama

Busibwabo,
Kaunti ya Busia.
10 Septemba 2024

Mpendwa ndugu yangu Chrispine,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, wewe na mke wako Sharlyne na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Nasikia huko Kanada baridi imeanza mapema. Jifunike vizuri, hatutaki msiba juu ya msiba. Sisi tunapumua tu. Mvua inanyesha kila alasiri, maharagwe yanaoza shambani, na mimi miguu imenivimba kwa kwenda na kurudi hospitalini.

Simu yako naiona ikilia na siipokei. Usinilaumu. Kwenye simu wewe hulia, mimi nami hulia, kisha inakatika na hakuna aliyesema kitu. Nimeona heri nikuandikie, halafu mdogo wetu Brendah aipige picha karatasi hii akutumie. Kuitia posta siwezi. Posta imenitosha.

Unajua kwamba tangu mama atutoke mwezi uliopita, deni la matibabu ndilo lililomshika kule mochari. Ulinipa moyo kwamba chama chenu cha watu wa Busia huko kitalilipa lote, ila hakitumi pesa kwa simu tangu michango ilipoliwa. Kitatuma hundi kwa posta, moja kwa moja hospitalini. Nilipokuuliza itachukua muda gani, ulisema, "Ijumaa itakuwa imefika, dada." Ukanitumia na picha ya hundi hiyo, nikauonyesha ukoo mzima.

Hapo ndipo tulipokosea. Baba mdogo Barasa alitangaza maziko Jumamosi. Nilimwomba tungoje hundi ifike kwanza, akaniuliza kama ninamwita Chrispine mwongo. Ijumaa vijana wakachimba kaburi kando ya lile la baba, ng'ombe akachinjwa, tukakodi hema.

Jumamosi asubuhi shemeji Emukule, mume wa Brendah, alikuja na pikapu yake kutoka Malaba. Tulipakia jeneza tukaenda. Mama wa malipo pale hospitalini ni mtu mpole, sitamsema vibaya. Aliangalia simu yangu akasema, "Pole, mama. Picha ya cheki haiwezi toa mtu. Nangoja cheki yenyewe, na haijafika."

Tulikaa kwenye benchi mpaka mchana ukageuka, tukitumaini mtu wa barua atatokea. Nikawaza labda waliandika anwani yetu, nikamtuma Emukule akaombe ufunguo wa sanduku la posta la shule, lile tunalotumia sote hapa kijijini. Alikuta bili ya stima ya mwalimu mkuu, basi.

Chrispine, hujawahi kurudi nyumbani na jeneza jepesi. Watu walisikia gari wakaanza kulia, wakakimbia kulipokea. Wanaume waliolishika ndio waliojua kwanza, nikaona nyuso zao zikibadilika. Nilitamani ardhi inimeze.

Kaburi lilikuwa wazi na jua linashuka. Mimi nilitaka tulifunike kwa mabati mpaka hundi ije. Baba mdogo alikataa katakata. "Shimo likishachimbwa haliwezi lala njaa," alisema. "Likilala hivyo, litaita mwingine wa hii boma." Wakakata mgomba mmoja nyuma ya jikoni, ule mama aliokuwa akiumwagia maji ya vyombo, wakaufunga kwa leso yake ya kujifunga kiunoni, wakauzika. Mchungaji alikuwa ameshajiondokea. Kwaya iliimba wimbo mmoja kwa kuwa ilikuwa imetoka mbali. Kisha watu wakala, wakatupa pole, wakakunja viti. Mimi nilitupa udongo juu ya mgomba na nililia kweli. Hata sasa sielewi ni kwa nini nililia vile.

Nina hasira nawe, sitaficha. Ungekuwa karibu ningekuchapa kama zamani. Lakini najua ulihangaika, na si wewe uliyeitia hundi posta. Wala sijui ililala wapi muda wote huo. Kila niliyemuuliza alinyoosha kidole kwingine.

Hundi imefika jana. Mama wa malipo alinipigia mwenyewe, nikapanda boda na furaha ya kijinga kifuani. Jina ni sawa, sahihi zote zipo. Haitoshi. Mochari nayo inatoza kila siku, na siku zote tulizokaa tukiingoja zimeongezwa kwenye deni. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nawe unajua yangu hayana kitu. Kilichobaki si kikubwa kwa mtu wa Kanada, ila kila kukicha kinakua. Nakusihi, ndugu yangu, usikipeleke chamani. Msikalie mkutano. Kitoe mfukoni mwako, ukitume kwa simu leo hii. Brendah atakupa namba ya hospitali.

Nikishamtoa mama, litachimbwa kaburi jingine, na sijui nani atakuja. Ng'ombe wa pili hayuko, na watu hawamlilii mtu mmoja mara mbili. Jana nikitoka hospitalini nilikutana na mke wa Ejoku, jirani yetu. Alinishika mkono kwa huruma, akaniambia, "Shukuru Mungu, dada, mlimzika mama vizuri. Sasa amepumzika." Nilimjibu asante, nikapita.

Brendah na Emukule wanakusalimu. Baba mdogo Barasa naye anakusalimu, ingawa siku hizi akiniona anazungukia nyuma ya nyumba. Wabusu watoto. Mungu akushike mkono huko uliko, akufungulie njia urudi ukatukute tungali wazima.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata leo,

Wilkister Mugeni